Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuongeza Aina za Namba Kamili Zisizo za Kawaida kwenye Kompaila ya C

Haya ni maswali ya watu wanaojua C vizuri, waliokwisha kufungua msimbo wa GCC au LLVM (kompaila mbili zinazotumika sana), na sasa wana chipu ambayo rejista au anwani zake hazina upana wa biti 8, 16, 32 wala 64. Mifano mingi nimeitoa kwenye GCC ya AVR (familia ya chipu ndogo za biti 8), yenye aina ya biti 24, na GCC ya MSP430 (familia ya chipu ndogo za biti 16), yenye aina ya biti 20. Msimbo wa zote mbili uko wazi, kwa hiyo karibu kila linalosemwa hapa unaweza kulifuatilia mwenyewe kwenye faili.

Aina "isiyo ya kawaida" ni ipi hasa?

Ni aina ya namba kamili ambayo haimo kwenye familia ya `char`, `short`, `int`, `long` na `long long`, lakini kompaila inaitambua kikamilifu: ina ukubwa wake, inajumlishwa, inalinganishwa, inapitishwa kwenye fanksheni, inawekwa kwenye safu, na inaweza kuelekezewa pointa. Wengi wameiona `__int128` kwenye kompyuta za biti 64. `__int24` ya AVR na `__int20` ya MSP430 ni ndugu zake.

Sehemu za biti ndani ya `struct`, kama `long x : 24;`, hazihesabiki hapa. Huwezi kuchukua anwani ya `x`, wala kutengeneza safu yake.

Kwa nini nihangaike? Si nitumie `long` tu?

Kwenye kompyuta ya mezani tumia `long` na usonge mbele. Kwenye AVR mambo ni tofauti. Rejista zake ni za biti 8, kwa hiyo `long` moja ya biti 32 inakula rejista nne, na kila hesabu inafanyika vipande vinne. Fanksheni inayojumlisha `__int24` mbili na kurudisha jibu inatoka hivi:

```
add r22, r18
adc r23, r19
adc r24, r20
ret
```

Amri tatu za hesabu badala ya nne. Ukilitazama jambo hili kwa fanksheni moja halina uzito. Ukilitazama kwa programu nzima, umeokoa robo ya hesabu hizo, robo ya nafasi ya safu zako, na rejista moja kwa kila thamani iliyo hai. Kwenye chipu yenye kilobaiti chache za kumbukumbu, hapo ndipo programu inapoenea au inapogoma kuenea. Tena zipo data ambazo kiasili ni za biti 24: HX711, chipu inayotumika sana kwenye mizani ya kielektroniki, inatoa kipimo cha biti 24 chenye alama ya hasi au chanya. Kukiweka kwenye `long` ni kubeba baiti nzima isiyo na habari mpya.

Sababu nzito zaidi lakini ni anwani. ATmega2560, chipu iliyo kwenye bodi ya Arduino Mega, ina flashi (kumbukumbu ya programu) ya kilobaiti 256, na pointa ya biti 16 inaishia kilobaiti 64. GCC 4.7 ya mwaka 2012 ilileta `__int24` na pia nafasi ya anwani iitwayo `__memx`, ambayo pointa zake ni za biti 24. Biti ya juu kabisa ikiwa 1, anwani ni ya RAM. Ikiwa 0, ni ya flashi. Ukishakuwa na pointa ya biti 24, huna budi kuwa na njia ya kuihamisha na kuifanyia hesabu kwa upana huo.

MSP430X, toleo lililopanuliwa la MSP430, ni hivyohivyo. Rejista zake zilipanuliwa kutoka biti 16 hadi 20 ili anwani zifike megabaiti 1. Ukijenga programu kwa `-mlarge`, `size_t` yenyewe ni `__int20` isiyo na alama. Yaani hata asiyejua kwamba aina hiyo ipo anaitumia kila anapoandika `sizeof`.

Kiwango cha C kinaruhusu?

Kinaruhusu. C99 ilitambua rasmi aina za namba kamili za ziada ambazo kompaila inaweza kujiongezea, mradi zipewe daraja lao katika kanuni za kubadilisha aina. Kuna mtego mmoja: `intmax_t` ya C99 lazima ibebe thamani ya kila aina ya namba kamili. Ndiyo maana GCC haihesabu `__int128` kuwa aina ya ziada kwa maana ya kiwango. Ingeihesabu hivyo, `intmax_t` ingepaswa kupanuka hadi biti 128, na maktaba zote zilizokwisha kujengwa kwa `intmax_t` ya biti 64 zingevunjika. Kwa biti 20 au 24 mtego huo haukuhusu.

Linalokuhusu ni jina. Majina ya mtindo wa `intN_t` yanataka upana kamili usio na biti za kujazia. Aina ya biti 24 inayokaa kwenye baiti tatu inatimiza sharti. Aina ya biti 20 inayokaa kwenye baiti nne ina biti 12 za kujazia, haitimizi. Usiwape watumiaji wako `int20_t`, waachie `__int20`.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi, kabla hujagusa faili lolote. Aina moja ina upana tatu, na kosa kubwa ni kudhani ni upana mmoja: upana ndani ya rejista, upana ndani ya kumbukumbu, na upana wakati inapopitishwa kutoka fanksheni moja kwenda nyingine. Ziandike zote tatu. Kisha jibu kwa kila moja: biti zinazobaki juu ya thamani zina nini? Sifuri? Nakala ya biti ya alama? Au hakuna anayejua?

Tazama jinsi chipu zetu mbili zinavyojibu. Kwenye AVR, `__int24` ni rejista tatu za biti 8, biti 24 kamili, hakuna kinachobaki. Kwenye kumbukumbu ni baiti tatu. Wakati wa kuitana, inachukua nafasi ya rejista nne, kwa sababu utaratibu wa AVR unakuza ukubwa wa kila hoja hadi namba shufwa; hoja ya kwanza inakaa R22 hadi R24, na R25 haibebi chochote.

Kwenye MSP430X, `__int20` iko ndani ya rejista moja ya biti 20. Inapoandikwa kwenye kumbukumbu inachukua baiti nne, na mashine yenyewe inaweka sifuri kwenye biti 12 za juu. Hapa pana jambo la kulishika. Weka −1 kwenye `__int20`, iandike kwenye kumbukumbu, na kilichomo mle ni `0x000FFFFF`. Anayekuja kuisoma sehemu hiyo kama `int32_t`, kwa `union` au kwa msimbo wa asembli ulioandikwa kwa mkono, atapata 1,048,575. Kompaila haijakosea. Biti za kujazia hazikuahidiwa kuwa nakala za alama, na mtu aliyeruka hatua ya karatasi atatafuta kosa hilo kwenye fanksheni ya kujumlisha, mahali ambapo halipo.

Nalisisitiza hili kwa sababu kujumlisha na kutoa ni sehemu rahisi. Makosa yanayokula muda yanakaa mipakani: thamani inapotoka rejista kwenda kumbukumbu, inapotoka biti 16 kwenda 20, inapovuka kutoka fanksheni hadi fanksheni.

`PARTIAL_INT_MODE` na `FRACTIONAL_INT_MODE` zinatofautiana vipi?

GCC inafanya kazi kwa modi, yaani umbo la thamani kama mashine inavyoiona: `QI` ya baiti moja, `HI` ya mbili, `SI` ya nne, `DI` ya nane. Modi zako za ziada zinatangazwa kwenye faili la modi la chipu husika. MSP430 ina:

```
PARTIAL_INT_MODE (SI, 20, PSI);
```

na AVR ina:

```
FRACTIONAL_INT_MODE (PSI, 24, 3);
```

Tangazo la kwanza linasema: modi hii inakaa kwenye nafasi ya `SI`, baiti nne, lakini biti 20 tu ndizo zenye maana. La pili linasema: modi hii ina biti 24 na ukubwa wake ni baiti tatu. Ukirudi kwenye karatasi yako utajua lipi lako. Kama mashine inasoma na kuandika baiti tatu bila shida, chagua la pili. Kama inapenda maneno mazima na biti za juu ni za kujazia, chagua la kwanza. Blackfin, chipu nyingine, ilitumia njia hiyo ya kwanza kwa akumuleta zake (rejista za kukusanyia majibu) za biti 40, ndani ya `DI`.

Nimetangaza modi. Mbona `__int24` haieleweki kwenye msimbo wa C?

Kwa sababu modi ni ya upande wa nyuma (sehemu ya kompaila inayozalisha amri za mashine), na mwandishi wa C anahitaji jina. Kuna njia mbili. AVR inatengeneza aina hizo kwa mkono inapoandaa fanksheni zake za ndani: inaunda aina yenye alama na isiyo na alama za upana wa `PSImode`, kisha inazisajili kwa majina `__int24` na `__uint24`, pamoja na makro kama `__INT24_MAX__`. MSP430 inatumia njia mpya na fupi, mstari mmoja kwenye faili lile lile la modi:

```
INT_N (PSI, 20);
```

Huo ni utaratibu uleule unaoizaa `__int128`. Unakupa jina, `unsigned`, daraja na makro bila kuandika msimbo wa ziada. Ukianza leo, tumia huu.

Usisahau kuiambia GCC kwamba modi yako inaungwa mkono, kwa huku (hook, yaani fanksheni ambayo GCC inaiita kuiuliza chipu) ya `TARGET_SCALAR_MODE_SUPPORTED_P`. AVR inaitaja `PSImode` waziwazi pale.

Ni ruwaza zipi lazima niziandike kwenye faili la `.md` (faili la maelezo ya amri za mashine)?

`movpsi` kwanza, na uipe muda mwingi kuliko zote. Kila kitu kinapita hapo: rejista kwenda rejista, kusoma kumbukumbu, kuandika, kupakia thamani isiyobadilika. Kwenye AVR thamani ya biti 24 inapakiwa kwa amri tatu za `ldi`, zenye `lo8`, `hi8` na `hlo8`. Lakini `ldi` inafanya kazi kwenye R16 hadi R31 tu. Thamani ikihitajika kwenye R2, lazima ipitie rejista nyingine kwanza, ndiyo maana AVR ina ruwaza ya pekee iitwayo `reload_inpsi` inayoomba rejista ya muda. Usipoiandika, majaribio madogo yote yatapita na programu kubwa yenye rejista zilizojaa itaiangusha kompaila.

Baada ya hapo: kujumlisha, kutoa, `and`, `or`, `xor`, kulinganisha na kuruka, kusogeza biti kwa namna tatu, na kupanua au kupunguza kwa kila jozi ya modi jirani. Nyingine ni za kawaida na utazimaliza kwa kunakili muundo wa `SI` na kupunguza kipande kimoja.

Safu zina jambo lao dogo. Kipengele cha baiti tatu kinamaanisha faharasa inazidishwa kwa 3, na hiyo haiwi kusogeza biti peke yake kama 2 au 4. Kagua asembli ya kitanzi kinachopitia safu ya `__int24`: pointa inatakiwa kusonga kwa baiti tatu kila mzunguko bila kuzidisha upya.

Kompaila inaanguka wakati wa kugawa rejista, au inatoa jibu lisilo sahihi kwa `-O2` tu. Nitazame wapi?

Tazama `subreg`, yaani namna ya GCC ya kuisoma rejista, au sehemu yake, kwa modi nyingine. Swali hili linakuja kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kwenye MSP430X, `SImode` ya biti 32 inakaa kwenye rejista mbili, biti 16 kwa kila moja. `PSImode` ya biti 20 inakaa kwenye rejista moja. Sasa hatua fulani ya uboreshaji inatengeneza kitu kama hiki:

```
(subreg:PSI (reg:SI 45) 0)
```

Inadhani inasoma sehemu ya chini ya thamani ileile. Kwenye chipu nyingi ingekuwa kweli. Hapa si kweli: thamani ya biti 32 ikiwa R12 na R13, biti 16 za chini ziko R12, na zile nne zinazofuata ziko R13. Hakuna rejista inayozishika zote 20 kwa pamoja. Mgawaji wa rejista akiiamini `subreg` hiyo, biti nne za juu za anwani zinapotea. Programu itafanya kazi vizuri kabisa mpaka data ivuke kilobaiti 64.

Dawa ina sehemu tatu, na zote zinahitajika. `TARGET_HARD_REGNO_NREGS` iseme wazi kwamba `PSImode` inahitaji rejista moja, isiachwe ipige hesabu kwa baiti. `TARGET_MODES_TIEABLE_P` irudishe hapana kwa `SI` na `PSI`, ili kompaila isidhani modi hizo zinaweza kutazamana ndani ya rejista moja bila gharama. Na uandike ruwaza ya wazi ya kupunguza `SI` kuwa `PSI`. Ile ya MSP430X inapendeza kuisoma: inasukuma nusu ya juu kwenye staki kama neno la biti 16, inasukuma nusu ya chini, kisha inazivuta zote mbili kwa mkupuo kama anwani moja ya biti 20. Kumbukumbu ndiyo mahali pekee ambapo maumbo hayo mawili yanakutana.

AVR haina tatizo hili, kwa kuwa rejista zake zote ni za baiti moja na `PSI` ni baiti tatu za chini za `SI`. Kwa hiyo usinakili suluhisho la chipu moja kwenda nyingine kabla ya kulinganisha karatasi zake.

Kupanua alama nifanyeje kama mashine haina amri hiyo?

Utaitunga kwa ulizonazo. Kutoka biti 24 hadi 32 kwenye AVR, njia mojawapo ni hii:

```
clr  r25
sbrc r24, 7
com  r25
```

Safisha rejista ya juu. Ruka amri inayofuata kama biti ya 7 ya R24 ni sifuri. Vinginevyo geuza R25 iwe 1 zote. Hakuna kuruka kwa kweli.

Kutoka biti 16 hadi 20 kwenye MSP430X:

```
RLAM.A #4, R12
RRAM.A #4, R12
```

Sogeza kushoto nafasi nne, biti ya alama ya thamani ya biti 16 inakuwa biti ya 19. Rudisha kulia nafasi nne kwa kunakili alama. Kupanua bila alama ni bure kwa sehemu kubwa, maana kila amri ya biti 16 inayoandika rejista inasafisha biti nne za juu. Wepesi huo ndio unaoficha kosa: msimbo uliosahau kupanua alama unatoa majibu sahihi kwa namba zote chanya. Jaribio lisilo na namba hasi halitakuambia kitu.

Kuzidisha na kugawanya?

Kwa mashine ndogo, ita fanksheni za libgcc, maktaba saidizi ya GCC. AVR ina `__mulpsi3`, `__divmodpsi4` na `__udivmodpsi4` zilizoandikwa kwa asembli. Kama huna muda, panua hadi `SI`, tumia fanksheni ya biti 32 iliyopo, kisha punguza. Kwa kuzidisha, biti za chini zinatoka sawa hata ukipanua vibaya, kwa sababu haziathiriwi na zilizo juu yake. Kwa kugawanya hapana: ukipanua kwa sifuri thamani yenye alama, −6 kugawanya kwa 2 inakuwa namba chanya kubwa ajabu.

Kwenye LLVM `i24` ipo tayari. Si kazi imekwisha?

Ipo kwenye lugha ya kati. LLVM inakubali `iN` ya karibu upana wowote, na hilo ni jambo zuri. Lakini chipu ina orodha yake ya aina halali, na hatua ya kuhalalisha aina inageuza zisizo halali. Kwenye AVR ya LLVM, `i24` inakuzwa kuwa `i32`, kisha `i32` inakatwa vipande vinavyotosha rejista. Unapata usahihi, lakini ile faida ya baiti tatu huna uhakika nayo.

Ukubwa nao unahitaji macho. Kwa mpangilio wa kawaida wa data, kuandika `i24` kunagusa baiti 3, lakini kwenye safu kila `i24` inachukua baiti 4 kwa sababu inafuata mpaka wa `i32`, isipokuwa uweke `i24:8` kwenye maelezo ya mpangilio wa data. Na kwa upana usiogawanyika kwa 8, kama `i20`, usisome kwa aina tofauti na uliyoandikia: LLVM haitoi ahadi kuhusu biti za ziada.

Kuifanya `i24` kuwa halali kweli kunataka iingizwe kwenye orodha ya aina rahisi za mashine, kisha upitie sehemu zote za SelectionDAG (mfumo wa LLVM wa kuchagua amri za mashine) zinazodhani upana ni kipeo cha 2. GlobalISel, mfumo mpya zaidi wa kazi hiyohiyo, inakuwa nyepesi zaidi hapa, maana aina zake ni upana tu, na wewe unaandika kanuni za kupanua au kufinya.

`_BitInt(24)` ya C23 imezifuta aina hizi?

Kwa msimbo mpya unaotakiwa kuhama kati ya chipu, ndiyo, iko mbele. Clang ilianza na `_ExtInt` mwaka 2020, ikabadili jina kuwa `_BitInt` mwaka 2022. GCC 14 ya mwaka 2024 iliileta kwa x86-64. Ila elewa tofauti. Kwenye x86-64, `_BitInt(24)` haina modi mpya: inakaa ndani ya modi ya biti 32, na kompaila inajua usahihi wake ni biti 24. Mashine haijui lolote. `__int24` ya AVR ina modi yake, ruwaza zake na baiti zake tatu.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali jingine ninaloulizwa: je, lazima modi mpya? Kama hakuna rejista, amri wala anwani ya upana huo kwenye chipu yako, hapana. Usahihi ndani ya modi iliyopo unatosha, na utajiepusha na yote niliyoyaeleza kuhusu `subreg`.

Kwa mtumiaji ipo tofauti nyingine: `_BitInt` haipandishwi kuwa `int` kabla ya hesabu. `_BitInt(3)` yenye 3 ukiijumlisha na nyingine yenye 3, jibu linafurika, kwa sababu biti tatu zenye alama zinaishia 3.

`__int24` ikikutana na `int` au `long`, jibu ni la aina gani?

Pana inashinda. Kwenye AVR `int` ni biti 16, kwa hiyo `__int24` na `int` zinatoa `__int24`, na `__int24` na `long` zinatoa `long`. Linalowanasa watu ni hili:

```
int a = 300, b = 300;
__int24 c = a * b;
```

Kuzidisha kunafanyika kwa biti 16 na 90,000 imekwisha kufurika kabla ya kufika kwenye `c`. Badili aina ya `a` kwanza: `(__int24) a * b`.

`printf` naitumiaje?

Hakuna herufi yake. Geuza kuwa `long` na uandike `%ld`.

`volatile __uint24` ni salama kati ya programu kuu na interapti?

Hapana. Kwenye AVR kuisoma ni amri tatu, na interapti inaweza kuingia katikati, ukapata baiti mbili za thamani ya zamani na moja ya mpya. Funika usomaji kwa `ATOMIC_BLOCK` ya `<util/atomic.h>`. Hakuna unachoweza kufanya ndani ya kompaila kulibadili hilo, na ni uungwana kuliandika kwenye maelezo ya aina yako, maana watu wanaona aina moja na kudhani ni tendo moja.

Nijaribu vipi mpaka niamini?

Upana mdogo una neema yake: unaweza kumaliza thamani zote. Biti 24 ni thamani 16,777,216, na biti 20 ni 1,048,576. Kwa kila tendo la thamani moja, kama kupanua, kupunguza, kukanusha, au kusogeza kwa nafasi fulani, pitia zote kwenye simuleta na ulinganishe na hesabu ya biti 64 kwenye kompyuta yako. Simuleta ikienda polepole, iache usiku kucha.

Kwa matendo ya thamani mbili chukua jozi za mipakani: 0, 1, −1, 8,388,607, −8,388,608, na thamani zinazozunguka 0x7F, 0xFF, 0x7FFF, 0xFFFF na 0x10000, yaani kila mahali ambapo kibebwa kinavuka baiti. Kimbiza yote kwa `-O0`, `-O1`, `-O2` na `-Os`. Kisha andika fanksheni zenye hoja nyingi zilizochanganywa, `char`, `__int24`, `long`, `__int24` tena, na uziite kutoka faili tofauti ili kompaila isizimeze. Hoja zikizidi rejista zilizopo zinaingia kwenye staki, na upana wa tatu wa ile karatasi unajaribiwa hapo. Fanya vivyo hivyo kwa fanksheni zenye idadi ya hoja isiyojulikana, zinazotumia `va_arg`.

Naweza kuifanya `int` yenyewe iwe ya biti 24?

C inataka `int` iwe angalau biti 16 na `long` angalau 32, kwa hiyo hakuna sheria inayovunjwa. eZ80, iliyo ndani ya kikokotoo cha TI-84 Plus CE, ina rejista na anwani za biti 24, na kompaila ya C inayotokana na LLVM inayotumiwa na waandishi wa programu za kikokotoo hicho ina `int` ya biti 24. Pale inafaa, kwa sababu `int` inalingana na upana wa asili wa mashine.

Ujue unachokibeba. `uint16_t` inapandishwa kuwa `int` ya biti 24 yenye alama, na 4,000 mara 4,000 ni 16,000,000, wakati `INT_MAX` ni 8,388,607. Kwenye kompyuta ya mezani hesabu hiyo inapita, hapa inafurika. Msimbo wa watu wengine umejaa mistari ya namna hiyo, hasa kwenye kubana data na kwenye picha. Kama chipu yako inafanya kazi kwa biti 8 au 16 na ni anwani tu zilizo za biti 24, iache `int` mahali pake na uipe pointa aina yake.